Tovuti ya Biashara Yako Uliipima Lini?

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya jambo lililomkosesha usingizi jirani yangu. Najua wengi wenu mnaouza keki, batiki, sabuni au vifaranga mnalo jambo hilo hilo nyumbani bila kujua.

Jirani yangu ni mjane. Anashona majoho ya kwaya na sare za shule hapa Morogoro. Ana cherehani tatu na wasichana wawili anaowalipa kila mwisho wa mwezi. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alimtengenezea tovuti kwa shilingi 350,000. Sote tulifurahi. Anwani ya tovuti ikaandikwa kwenye kadi, kwenye risiti, hata kwenye ukuta wa chumba cha kushonea. Baada ya hapo hakuna aliyeifungua tena, hata mwenyewe.

Basi, wiki chache baada ya Pasaka ya mwaka 2025 alikutana msibani na mama mmoja kutoka Dodoma, kiongozi wa kwaya. Mama yule alimsalimu kwa ubaridi. Walipokuwa wakiosha vyombo akamwambia, "Dada, sisi tulikuandikia tukitaka majoho 32. Hukutujibu hata neno moja. Tukampa mtu mwingine."

Majoho 32! Kwake hiyo ni ada ya mtoto aliye kidato cha tatu, na mishahara ya wale wasichana inabaki. Jioni alikuja kwangu, akaketi jikoni bila kuvua kitenge cha msibani. "Mdogo wangu," alisema, "mimi sijapata barua yoyote." Na kweli hakuipata. Ile fomu ya kuagizia iliyo kwenye tovuti yake ilikuwa ikipeleka ujumbe kwenye barua pepe ya kijana aliyeitengeneza. Kijana alikwisha kuhamia mji mwingine na kupata kazi nyingine. Barua za wateja zilikuwa zikilala huko, moja juu ya nyingine.

Mimi si fundi wa kompyuta, ni muuguzi. Lakini wodini hatungoji mgonjwa alalamike ndipo tumpime. Tunampima asubuhi na jioni, tunaandika kwenye chati. Nikamwambia jirani yangu, "Jumamosi tutaipima hii tovuti yako." Tukatafuta daftari na kalamu, tukanunua bando, tukaazima simu ya bei rahisi ya binti wa jirani. Simu hiyo ya bei rahisi ndiyo muhimu kuliko vyote. Fundi huitazama kazi yake kwenye kompyuta kubwa yenye intaneti nzuri. Mteja wako anaitazama akiwa kwenye daladala, kioo kimepasuka, mtandao unakatika.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni lile ambalo jirani yangu hakulipenda. Alitaka kuwaonyesha watu tovuti na kuwauliza, "Mnaionaje?" Nikamkataza. Mtu akiulizwa hivyo na mama anayemheshimu atasema ni nzuri, aende zake. Badala ya kuuliza, mpe mtu kazi ya kufanya, kisha ukae kimya umtazame. Tuliwaambia hivi: "Wewe una kwaya ya watu 20. Tafuta joho la bluu, ujue bei yake, kisha uagize." Basi, hakuna kusaidia. Hakuna kusema "bonyeza pale juu". Kukaa kimya kulimpa jirani yangu shida kweli kweli. Ilinibidi nimkanyage mguu mara mbili.

Wataalamu wa kazi hii wanajua njia hiyo siku nyingi. Jakob Nielsen, raia wa Denmark aliyefanya kazi Marekani, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribu watu 5 tu utaona kama asilimia 85 ya matatizo yanayowasumbua watumiaji. Huhitaji watu mia. Wala huhitaji fedha, ni chai na maandazi tu.

Sisi tuliwapata watano wetu. Wa kwanza alikuwa mama wa miaka sitini na kitu anayevaa miwani. Alifungua ukurasa, akausogeza simu mbali, akausogeza karibu, mwisho akatoka nje kwenye mwanga. Huko nje ndiko hakuona kitu kabisa! Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya weupe. Kijana aliyatengeneza hivyo kwa sababu yanapendeza. Shirika la W3C, linaloandaa kanuni za tovuti duniani, linataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Huna haja ya kupiga hesabu hiyo. Toka nje saa sita mchana na simu yako. Ukishindwa kusoma, na mteja ameshindwa.

Wa pili alikuwa mwalimu wa kwaya. Alizunguka kurasa zote akitafuta bei, asiipate. Palikuwa na maneno "Bei zetu ni nafuu, wasiliana nasi." Akaweka simu chini akasema, "Hapo mimi ningeondoka. Nikiona mtu anaficha bei najua ni ghali." Jirani yangu alishangaa, maana yeye aliogopa kuandika bei kwa kuwa vitambaa hupanda. Tukakubaliana aandike "kuanzia" na kiasi cha chini kwa kila aina, pamoja na mwezi ambao bei hiyo iliandikwa. Mwalimu huyo huyo aliuliza maswali mengine mawili: joho huchukua siku ngapi, na vipimo vinatumwaje kutoka mbali? Hayo hayakuwamo popote. Sasa yamo, karibu kabisa na picha ya kwanza.

Wa tatu, msichana wa chuo, ndiye aliyetuvumbulia kasoro iliyonitia uchungu kuliko zote. Alibonyeza kitufe cha kijani cha WhatsApp. Ikatokea taarifa kwamba namba hiyo si sahihi. Kumbe kiungo kile kiliandikwa kwa namba inayoanza na sifuri. Kiungo cha WhatsApp, yaani kile kinachoanza na wa.me, kinataka namba ya kimataifa bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Kwa Tanzania inaanza na 255, kwa Kenya 254, kwa Uganda 256. Sifuri moja tu, na kitufe kilikuwa pale tangu mwanzo, kinang'aa, hakimfikishi mtu popote! Hebu weka gazeti chini sasa hivi, ubonyeze cha kwako. Nitakungoja.

Na namba ya simu iliyoandikwa chini ya ukurasa? Ilikuwa ya laini yake ya zamani aliyoiacha. Tulipopiga, akapokea mwanamume tusiyemjua. Makampuni ya simu huigawa upya namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika. Fikiri, mteja mwaminifu anatuma malipo ya awali kwa namba aliyoiona kwenye tovuti yako, fedha zinaingia kwa mgeni. Utamweleza nini? Namba ya malipo kwa simu iandikwe pamoja na jina litakalotokea mteja anapolipa, ili jina likitofautiana asimamishe mkono wake kabla ya kuthibitisha.

Wa nne na wa tano hawakuongeza mengi, ila wote wawili waligusa picha wakitegemea ikue, isikue. Tuliandika.

Tulipomaliza na watu tukageukia uzito. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha 14, zimepakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera ya simu. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika megabaiti 4. Mara 14 ni megabaiti 56. Anayezilipia ni mteja, kutoka kwenye bando lake, kabla hajasoma hata neno moja! Hakuna haja ya picha kubwa hivyo. Ikipunguzwa upana uwe kama pikseli 1,200 inakuwa na kilobaiti mia na kitu au mia mbili, na kwenye simu jicho halioni tofauti. Zote 14 zinakuwa kama megabaiti 2 hivi. Kama hujui programu ya kupunguzia picha, jitumie picha kwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida, kisha uihifadhi upya. WhatsApp huzipunguza picha yenyewe. Safari hii tabia yake hiyo imetufaa.

Kipimo cha kasi kipo, ni cha bure, kinatolewa na Google wenyewe. Unaingia pagespeed.web.dev, unaandika anwani ya tovuti yako, unangoja kidogo. Hutoa alama hadi 100. Kuanzia 90 ni kijani, 50 hadi 89 ni rangi ya chungwa, chini ya 50 ni nyekundu. Hutoa alama za simu na za kompyuta kila moja peke yake, nawe tazama za simu. Sehemu kubwa ya ukurasa inatakiwa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Jirani yangu alianza na 31. Baada ya kupunguza picha peke yake tulipata 74, na hatukuhangaika kufika 90. Alama hizi nazichukulia kama joto la mwili: likipanda unatafuta sababu, lakini hutibu kipimajoto. Mtu anaweza kupata 98 na bado kitufe chake cha WhatsApp kikawa kimekufa.

Kama uliwahi kusoma mahali kwamba upime tovuti kwa kile kipimo cha Google cha kuonyesha kama inafaa kwenye simu, usisumbuke kukitafuta. Kilifungwa Desemba 2023. Lakini jambo lenyewe limezidi umuhimu, kwa maana tangu Oktoba ya mwaka huo huo Google walikamilisha kazi ya kuhamia kwenye sura ya simu. Wanasoma ukurasa wako kama unavyoonekana kwenye simu ndipo waupange kwenye majibu yao.

Tukija kwenye kutafutwa, tulijaribu kuandika "majoho ya kwaya Morogoro" kwenye Google. Jirani yangu hakuonekana. Tukafungua tovuti yake tukitafuta neno "majoho". Halikuwamo hata mara moja! Kijana aliandika "mavazi rasmi ya ibada na taasisi". Ni Kiswahili kizuri sana, ila nani anayeamka asubuhi akatafuta mavazi rasmi ya ibada na taasisi? Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kwa herufi kubwa kwenye majibu ya Google, kilikuwa "Nyumbani". Tukakibadilisha kikawa "Majoho ya kwaya na sare za shule, Morogoro". Chukua daftari la oda zako, uangalie wateja walivyokuita na walivyokiita kitu wanachotaka. Maneno hayo ndiyo ya kuandika.

Pia kuna ile kadi ya biashara ya Google inayotokea pamoja na ramani. Ni ya bure, na kwa biashara ndogo inaweza kuleta wateja wengi kuliko tovuti yenyewe. Hakikisha saa za kufungua na namba ya simu zinalingana na zile za kwenye tovuti. Wapo akina mama waliotengeneza tovuti ndogo ya bure ndani ya kadi hiyo. Kama ni wewe, fahamu kwamba Google walizifunga zote Machi 2024. Anwani uliyoichapa kwenye mifuko yako huenda haiendi popote.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Kwenye ukurasa wa sare palikuwa na picha tatu za watoto wa shule, sura zinaonekana, jina la shule limedariziwa kifuani. Nilimwuliza jirani yangu, "Wazazi wao walikubali?" Alinyamaza. Alikuwa na nia njema tu, kuonyesha mshono. Lakini mimi nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, sipendi mtu yeyote aliye na simu ajue mtoto huyu anafananaje na anasoma wapi. Tena kuna sheria. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Wenzetu wa Kenya na Uganda wana sheria zao za mwaka 2019. Tuliziondoa picha zile siku hiyo hiyo, tukapiga nyingine za sare zikiwa zimetundikwa kwenye kamba, hakuna jina la shule. Zinapendeza vizuri tu. Palikuwa pia na shukrani za mteja mmoja zilizowekwa pamoja na namba yake ya simu. Nayo ikatoka.

Usalama wa tovuti yenyewe sitauzungumzia sana. Tazama anwani yako kama inaanza na https. Isipoanza hivyo, Chrome tangu Julai 2018 humwonya mteja kwamba tovuti si salama, na wengi hukimbia hapo. Cheti kinachoondoa onyo hilo si cha kununua kwa bei kubwa. Let's Encrypt wanavitoa bure tangu mwaka 2015, na makampuni mengi yanayohifadhi tovuti huviweka yenyewe. Ukidaiwa fedha nyingi kwa ajili ya cheti, uliza vizuri. Ila msije mkadhani kwamba cheti ni uthibitisho wa uaminifu. Kinalinda ujumbe ukiwa njiani tu, na tapeli naye anaweza kuwa nacho. Chrome waliiondoa ile alama ya kufuli Septemba 2023 kwa sababu watu waliielewa vibaya namna hiyo.

Kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote kilikuwa swali moja: tovuti hii ni ya nani? Jirani yangu alijibu haraka, "Ni yangu, nimelipa." Haya, jina lake limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Linaisha tarehe ngapi? Imehifadhiwa kwenye kampuni gani? Neno la siri liko wapi? Hakujua hata moja. Tulitafuta kwenye huduma ya WHOIS, ambako majina mengi ya tovuti huonyesha tarehe ya mwisho, tukaona zimebaki wiki saba. Barua za kukumbusha zilikuwa zikienda kwa nani? Kwa yule yule kijana! Jina lisipolipiwa huachiwa, na mtu yeyote anaweza kulichukua, pamoja na kila kadi na kila risiti uliyolichapa. Wapo wanaoyanunua majina kama hayo wakaweka matangazo ya kamari. Hebu fikiri ukuta wa chumba cha kushonea majoho ukimpeleka mtu huko.

Hatukumgombeza kijana. Alifanya kazi aliyolipwa, hakuna aliyemwambia kwamba mama anataka hati zake. Tulimpigia kwa heshima, jirani yangu akasema, "Mwanangu, naomba unikabidhi." Akakabidhi ndani ya siku nne, akahamisha na fomu. Pia alituma barua zote zilizolala kwake. Zilikuwa 11. Ile ya Dodoma ilikuwamo, imeandikwa kwa adabu, ikitaja rangi na idadi ya sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne.

Sasa taarifa zote hizo zimeandikwa kwenye daftari gumu, linakaa kabatini pamoja na hati ya kiwanja, na mwanawe mkubwa anajua lilipo. Jihadhari tu na barua zinazodai jina lako linaisha leo, ulipe hapa. Linganisha na tarehe ya kwenye daftari lako kwanza. Na akija mtu akakuahidi kukufanya wa kwanza kwenye Google, mwage kwa upole. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuhakikisha hilo.

Jirani yangu alimwandikia yule mama wa Dodoma, akamtumia barua yake mwenyewe iliyopotea pamoja na maelezo. Alijibiwa vizuri. Oda haikurudi, maana majoho yalikwisha kushonwa kwingine, lakini aliulizwa bei ya vitambaa vya shingoni kwa kwaya ya watoto.

Siku hizi, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, anajiagizia joho moja kupitia fomu yake kwa jina la kubuni, kisha anabonyeza WhatsApp na kupiga ile namba ya chini ya ukurasa. Haimchukui robo saa. Mwezi uliopita ujumbe wa fomu haukufika. Alinipigia simu nikiwa zamu, nikamwambia atazame kama sanduku lake la barua pepe lina nafasi. Lilikuwa limejaa matangazo. Aliyafuta, akatuma tena, ukaingia.